UZI: Akadi, mji mkuu wa dola ya Sargon ambao mahali pake hapajulikani hadi leo

Mwanzisha uzi:

Wanajukwaa, salaam.

Aliyesoma kitabu cha Mwanzo, sura ya 10, atakumbuka kwamba miji iliyotajwa kuwa mwanzo wa ufalme wa Nimrodi katika nchi ya Shinari ni Babeli, Ereku, Akadi na Kalne. Babeli ilichimbuliwa zamani, na magofu yake yapo kusini mwa Baghdad kwa yeyote anayetaka kuyaona. Ereku, ambayo wanaakiolojia huiita Uruk, Wajerumani walianza kuichimba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Akadi haijaonekana. Hakuna kilima cha magofu nchini Iraki ambacho mtaalamu anaweza kukinyoshea kidole na kusema kwa uhakika kwamba hapo ndipo lilipokuwa jumba la mfalme Sargon, ingawa mji huo ulikuwa makao makuu ya dola iliyotawala, kwa hesabu ya miaka inayotumiwa na wengi, tangu 2334 hadi 2154 KK, na ambayo katika kilele chake ilianzia Ghuba ya Uajemi ikafika kaskazini mwa Siria.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu habari nyingi za Akadi zinazosambaa zinarudia simulizi moja: mfalme alikufuru, miungu ikakasirika, mji ukalaaniwa na kufutika juu ya uso wa dunia. Simulizi hiyo ina asili yake, nami nitaieleza kwa kirefu, lakini naona imetupotosha. Akadi haikufutika siku dola yake ilipoanguka. Watu waliendelea kukaa na kuabudu ndani yake kwa zaidi ya miaka 1,600 baada ya hapo, na anayeutafuta mji uliogeuka majivu mwaka 2154 KK anatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Nianze na mji wenyewe ulipokuwa katika enzi yake.

Maneno mengi ya Sargon yametufikia kwa njia ya ajabu kidogo. Yeye na warithi wake walisimamisha sanamu katika ua wa hekalu la Enlil, mkuu wa miungu ya Sumeri (nchi ya kale ya kusini mwa Iraki), mjini Nippur, na sanamu hizo zimepotea karibu zote. Hata hivyo, karne kadhaa baadaye, takribani mwaka 1800 KK, waandishi wa Nippur walipita wakinakili maandishi yaliyochongwa juu yake kwenye vibao vya udongo, na walikuwa waangalifu kiasi cha kueleza ni maneno yapi yalikuwa juu ya sanamu na yapi yalikuwa kwenye kitako chake. Nakala hizo ndizo tunazosoma leo. Humo Sargon anasema alimshinda Lugalzagesi, mfalme wa Uruk, akamleta na nira shingoni hadi lango la Enlil. Anasema alishinda vita 34, akabomoa kuta za miji hadi ufuoni, akaosha silaha zake baharini. Na anasema kwamba watu 5,400 walikula mkate mbele yake kila siku. Lakini sentensi inayomhusu zaidi mtafutaji ni ile ya meli. Sargon anajivuna kwamba meli za Meluha, za Magan na za Dilmun zilifunga kamba katika gati la Akadi. Dilmun ni Bahrain na pwani iliyo jirani, Magan ni upande wa Oman, na Meluha, kwa maoni ya wataalamu walio wengi, ni bonde la mto Indus. Kwa hiyo Akadi ilikuwa kando ya mto au mfereji mkubwa ulioweza kupitisha vyombo vilivyotoka baharini, au angalau shehena yake ikiwa imehamishiwa kwenye vyombo vya mtoni.

Orodha ya kale ya wafalme wa Sumeri inasema Sargon ndiye aliyeujenga mji huo. Hapa pana neno la kuongeza, kwa kuwa Enshakushanna, mfalme wa Uruk aliyemtangulia Sargon, aliupa mmoja wa miaka yake jina la ushindi wake dhidi ya Akadi. Mji ulikuwepo basi, ingawa haukuwa mkubwa. Sargon aliukuta, akaufanya kuwa kitovu.

Na ulikuwa kitovu kwa maana ya utawala wa kila siku, si kwa majigambo ya kifalme tu. Shayiri ilipimwa kwa kipimo rasmi kilichoitwa guri ya Akadi, karibu lita 300, na kipimo hicho kilitumika katika miji iliyokuwa na vipimo vyake yenyewe tangu zamani. Katika jiwe jeusi la Manishtushu, mwana wa Sargon, lenye pande nne zilizojaa maandishi na ambalo sasa limo katika jumba la makumbusho la Louvre, mfalme ananunua mashamba makubwa kutoka kwa koo mbalimbali, na miongoni mwa mashahidi wa ununuzi huo wanatajwa kwa majina makumi ya wana wa Akadi. Tunajua majina yao na baba zao. Mahali walipolala usiku hatupajui.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni sanamu ya Bassetki. Ni sehemu ya chini tu ya sanamu ya shaba: miguu ya mtu aliyeketi na kitako cha duara, uzito wake ukiwa kama kilo 150. Iliyeyushwa na kumiminwa kwa kutumia kalibu ya nta, kazi ngumu kwa kitu kikubwa namna hiyo. Ilipatikana wakati wa ujenzi wa barabara karibu na kijiji cha Bassetki, kaskazini mwa Iraki, mbali sana na mahali popote panapodhaniwa kuwa Akadi. Maandishi yake yanaeleza kwamba pembe nne za dunia zilimwasi Naram-Sin, mjukuu wa Sargon, naye akashinda vita tisa katika mwaka mmoja. Na kwa kuwa aliiimarisha misingi ya mji wao wakati wa shida, wenyeji wa mji waliomba kwa miungu, yaani Ishtar, Enlil, Dagan, Ninhursag, Ea, Sin, Shamash na Nergal kwamba Naram-Sin awe mungu wa mji wao Akadi, kisha wakamjengea hekalu katikati ya Akadi. Tazameni namna maandishi hayo yanavyowapa wenyeji nafasi: ombi linasemwa kuwa lao, na ujenzi pia unasemwa kuwa wao. Hata kama ni maneno ya mfalme, yanatuonyesha mji wenye watu wanaohesabika kuwa kitu. Sanamu hiyo iliibwa katika uporaji wa Jumba la Makumbusho la Iraki mwezi Aprili 2003, ikapatikana Novemba mwaka huo huo ndani ya shimo la maji machafu mjini Baghdad, ikiwa imepakwa grisi.

Sasa tuje kwenye laana.

Simulizi ya kufutika kwa mji inatoka katika shairi la Kisumeri la mistari 281. Linaanza na Akadi iliyoshiba. Inanna, mungu mke wa mji, ambaye kwa Kiakadi ndiye Ishtar, hapati usingizi kwa kuhakikisha kwamba maghala yamejaa na wageni wanaingia. Nyani, tembo, nyati wa majini na mbuzi wa milimani wanasukumana viwanjani. Kisha kutoka Nippur linakuja neno la Enlil, ambalo shairi linaliacha gizani, na Inanna anaondoka mjini. Naram-Sin anaona katika ndoto yatakayotokea, anakaa kimya miaka saba akiwa katika maombolezo, anatafuta kibali cha kujenga hekalu na ubashiri unamnyima. Hapo anaamua kuvunja. Analishambulia hekalu la Enlil, liitwalo Ekur, kwa mashoka na majembe, na mali yake inapakiwa melini. Enlil anawashusha Waguti, kabila la watu wa milimani, njaa inaingia, na miungu inailaani Akadi ili majani yaote kwenye njia zake za kando ya mfereji na mtu asipate mahali pa kulala ndani yake. Mstari wa mwisho unamsifu Inanna kwa sababu Akadi imeangamizwa.

Ni shairi zuri sana, na nakala zake za kale zaidi ni za enzi ya nasaba ya tatu ya Ur, yaani takribani karne moja tu baada ya matukio. Ukaribu huo ndio uliowafanya watu waliamini. Lakini udongo wa Nippur unalikanusha. Huko yamechimbuliwa matofali yenye muhuri wa Naram-Sin akijiita mjenzi wa nyumba ya Enlil, na ya mwanawe Shar-kali-sharri pia. Vimepatikana vibao vya hesabu vinavyoorodhesha dhahabu, fedha na shaba iliyotumika kulipamba hekalu lile lile ambalo shairi linasema Naram-Sin alilibomoa. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba ili kulijenga upya hekalu ilibidi kwanza kulivunja la zamani, na wapinzani wa nasaba ya Akadi walikumbuka mashoka wakasahau matofali mapya.

Tena Naram-Sin hakuwa mfalme wa mwisho. Mwanawe alitawala baada yake miaka 25. Baadaye orodha ya wafalme inavurugika hadi mwandishi wake anauliza nani alikuwa mfalme na nani hakuwa mfalme, anataja wanne kwa kipindi cha miaka mitatu, kisha wanafuata Dudu na Shu-turul waliotawala eneo dogo kuzunguka mji wenyewe. Dola ilisinyaa kwa miongo kadhaa, na mji mkuu ulikuwa wa mwisho kuachiliwa.

Baada ya hapo, ushahidi wa uhai wa Akadi ni huu. Hammurabi wa Babeli, katika utangulizi wa sheria zake, karne ya 18 KK, anaitaja miji aliyoitendea mema, na mmojawapo ni Akadi, ambako alimweka Ishtar katika hekalu lake liitwalo Eulmash. Mfalme hajisifu kwa kumweka mungu katika hekalu la mji usio na watu. Karibu na mwaka 674 KK, tarihi ya Babeli inaandika kwamba Ishtar wa Akadi na miungu ya Akadi, waliokuwa wamechukuliwa Elamu (nchi ya kale ya kusini magharibi mwa Iran ya leo), waliondoka huko wakaingia Akadi tarehe 10 mwezi wa Adari. Na mwaka 539 KK, Koreshi wa Uajemi, katika maandishi yake yaliyo kwenye mcheduara wa udongo, anaitaja Akadi miongoni mwa miji ambayo aliirudishia miungu yake na watu wake.

Kati ya hayo kuna barua moja ya mwaka 671 KK ambayo kila nikiisoma nahisi niko ndani ya mji wenyewe. Mwezi ulipatwa, na kwa imani ya wakati ule ishara hiyo ilimtishia mfalme Esarhaddon wa Ashuru kifo. Desturi ilikuwa kumweka mtu mwingine kitini pa enzi kwa muda, ili mabaya yampate yeye. Safari hiyo aliyewekwa alikuwa Damqi, mwana wa msimamizi mkuu wa hekalu la Akadi. Mar-Issar, mjumbe wa mfalme huko Babeli, anamwandikia Esarhaddon kwamba Damqi na malkia aliyepewa wamekwenda kwenye ajali yao kwa ajili ya kumkomboa mfalme, kwamba kaburi liliandaliwa, wakapambwa, wakazikwa na kuliliwa. Anaongeza kwamba wenyeji waliingiwa na hofu, naye na wenzake wakawatia moyo. Hawa ni watu wa Akadi, wanaoogopa kwa sababu mwana wa kiongozi wao ameuawa, karibu miaka 1,500 baada ya laana iliyosema hakuna atakayekaa hapo.

---

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nakupongeza kwa mada nzito. Ila naona umelipita suala la ukame. Nimewahi kusoma kwamba dola ya Akadi iliangushwa na mabadiliko ya tabianchi ya takribani mwaka 2200 KK, na kwamba shairi la laana linapotaja njaa na mashamba yasiyotoa mazao linahifadhi kumbukumbu ya jambo hilo. Je, huoni kwamba shairi linaweza kuwa kweli kwa upande huo?

Mwanzisha uzi:

Ahsante, ndugu. Swali lako ni la msingi.

Hoja ya ukame ilipata nguvu mwaka 1993, Harvey Weiss na wenzake walipochapisha matokeo ya uchimbaji wa Tell Leilan, kaskazini mashariki mwa Siria, mji uliokuwa chini ya utawala wa Akadi na ulioachwa ghafla takribani mwaka 2200 KK. Mwaka 2000 kikundi kingine cha watafiti kilionyesha kwamba mashapo yaliyotolewa chini ya Ghuba ya Oman yana tabaka lenye vumbi jingi la asili ya Mesopotamia, la wakati unaokaribiana na huo. Dalili za ukame wa kipindi hicho zimeonekana pia katika sehemu nyingine nyingi za dunia. Siupingi ukame.

Ninachokitilia shaka ni uzito unaopewa. Mashamba ya Leilan yalitegemea mvua, ilhali Akadi yenyewe ilikuwa katika nyanda za mifereji ambako mvua ni kidogo hata katika mwaka mzuri, na shayiri huishi kwa maji ya mto. Ukame wa kaskazini ungeinyima dola nafaka ya kodi na kuwasukuma wafugaji kusini, na hayo yangetosha kuitikisa. Lakini hapo hapo kaskazini miji kama Tell Mozan iliendelea kukaliwa. Pamoja na hayo, hii ilikuwa dola iliyokumbwa na uasi mkubwa karibu kila mfalme alipokalia kiti, tangu enzi ya Rimush, mwana wa kwanza wa Sargon kurithi. Dola iliyokuwa ikishikiliwa kwa vita kila kizazi haikuhitaji sababu moja kubwa ili ianguke. Kuhusu shairi, njaa iliyomo ni njaa inayopatikana katika maombolezo mengi ya miji ya Sumeri, kwa hiyo nasita kuisoma kama taarifa ya hali ya hewa.

---

Mchangiaji wa pili:

Heshima kwako, mleta mada. Naomba nikupinge kidogo kwa nia njema. Miji hurithi majina. Huenda Akadi ya Sargon iliangamia kweli, kisha watu wa baadaye wakakijenga kijiji mahali pengine wakakiita Akadi kwa ajili ya heshima ya jina. Utajuaje kwamba Akadi ya Damqi na ya Koreshi ni ile ile? Na kama mji uliishi hadi wakati wa Waajemi, mbona kumbukumbu ya mahali pake ilipotea?

Mwanzisha uzi:

Nashukuru kwa pingamizi hili, maana ndilo linalopaswa kujibiwa kabla ya mengine yote.

Kiungo ni hekalu. Katika mkusanyiko wa nyimbo za mahekalu unaohusishwa na Enheduanna, binti wa Sargon aliyekuwa kuhani mkuu wa mungu mwezi mjini Ur, umo wimbo wa Ulmash, nyumba ya Inanna katika Akadi. Hilo ndilo Eulmash la Hammurabi. Na ndilo Eulmash alilolichimba Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli, aliyetawala tangu 556 hadi 539 KK.

Habari za Nabonido zinastahili kuelezwa polepole. Huyu alikuwa mfalme aliyeamini kwamba hekalu halijengwi upya kwa usahihi mpaka upatikane msingi wake wa kwanza kabisa, ili kuta mpya zikae juu yake bila kuingia wala kutoka hata kwa upana wa kidole. Katika maandishi yake anasema kwamba msingi wa kale wa Eulmash ya Akadi ulikuwa haujaonekana tangu enzi za Sargon na Naram-Sin. Anawataja wafalme waliomtangulia walioutafuta: Kurigalzu, aliyeacha maandishi ya kukiri kwamba alitafuta asiupate; Esarhaddon; na Nebukadneza, aliyekusanya watu wengi wakachimba wasifanikiwe. Yeye mwenyewe alichimba miaka mitatu kwenye handaki la Nebukadneza, kulia na kushoto, mbele na nyuma, bila matokeo. Kisha ikanyesha mvua kubwa, maji yakachimba korongo, naye akawaamuru watu wake wachimbe ndani ya korongo lile. Msingi ukaonekana.

Wafalme hao walitaabika ndani ya mji waliokuwa wakiujua, wakitafuta msingi wa jengo waliloweza kulionyesha kwa kidole. Kama Akadi ingekuwa imehamishwa na jina kupewa kijiji kingine, Nabonido asingeupata msingi wa kale chini ya hekalu jipya. Unaweza kusema alijidanganya kuhusu umri wa alichokiona, na ni kweli kwamba hesabu zake za miaka hazikuwa nzuri: huko Sippar aliuona msingi wa Naram-Sin akasema ulikuwa umefichika miaka 3,200, wakati umri halisi ulikuwa kama 1,700. Hata hivyo, alijua kusoma maandishi ya kale na kuyatofautisha na mapya, na ule mwendelezo wa mungu yule yule katika hekalu lile lile kwa mji ule ule unanitosha.

Kuhusu kumbukumbu kupotea, jibu lake ni refu kuliko watu wanavyofikiri. Baada ya Koreshi, lugha ya Kiakadi ilizidi kuachwa na mwandiko wa kikabari, ule wa vibao vya udongo, ukabaki mikononi mwa makuhani wachache wa Babeli na Uruk, hadi ukafa. Mji mdogo wenye hekalu moja maarufu hauishi zaidi kuliko hekalu lake. Nyumba za matofali mabichi zikiachwa bila ukarabati huporomoka na kuwa udongo ndani ya vizazi vichache, na matofali yaliyochomwa hubebwa na wajenzi wa miji inayofuata. Eneo linalodhaniwa zaidi limejengewa miji mikuu mitatu mfululizo: Seleucia karibu na mwaka 300 KK, kisha Ctesiphon, kisha Baghdad mwaka 762 BK. Ongeza mafuriko ya mto Hidekeli (Tigris) na kuhama kwa mkondo wake, ambavyo katika nyanda zile huweza kukifunika kilima kidogo kwa mashapo au kukikata na kukipeleka majini.

---

Mchangiaji wa tatu:

Mkuu, ungeambiwa uchague mahali pa kuanzia kuchimba, ungesema wapi? Na ni kitu gani kikipatikana kitamaliza ubishi?

Mwanzisha uzi:

Yapo maoni ya aina tatu. Ya zamani yaliiweka Akadi upande wa mto Frati (Eufrate), jirani na Kish na Sippar, kwa sababu mapokeo yanasema Sargon alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Kish kabla ya kujitwalia mamlaka. Kilima cha Ishan Mizyad, karibu na Kish, kilipendekezwa miaka ya 1970, lakini uchimbaji haukuleta uthibitisho. Maoni ya pili yanaipeleka juu sana, kwenye mto Hidekeli kuelekea Samarra. Ya tatu yanaiweka pale mto Diyala unapoingia Hidekeli, ndani au pembeni ya Baghdad ya leo, na wengine wametaja Tell Muhammad, kilima kilichomo ndani ya jiji hilo upande wa kusini mashariki, ingawa kilichochimbuliwa hapo hadi sasa ni hasa makazi ya baada ya enzi ya Akadi.

Mimi naegemea maoni ya tatu, na sababu yangu kubwa ni ule mcheduara wa Koreshi. Orodha yake inataja Ashuru, Susa, Akadi, Eshnunna, Zamban, Me-Turnu na Der hadi mpaka wa Waguti, na inaieleza kuwa miji mitakatifu ya ng'ambo ya Hidekeli. Eshnunna tunaijua: ni Tell Asmar, katika bonde la Diyala. Me-Turnu nayo ni ya bonde hilo hilo. Mwandishi aliyekuwa akifuata mpangilio wa kijiografia asingeichomeka hapo katikati Akadi iliyoko kando ya Frati. Gati la Sargon nalo halina tatizo hapo, kwa kuwa Hidekeli unapitika kwa vyombo hadi kwenye makutano hayo.

Kuhusu ushahidi wa kumaliza ubishi, tofali lenye jina la mfalme wa Akadi peke yake halitoshi. Mwanaakiolojia Max Mallowan alichimbua katika miaka ya 1930 jengo zima la Naram-Sin huko Tell Brak, Siria, lenye matofali yaliyopigwa muhuri wa jina lake, na hakuna anayesema Brak ni Akadi. Vitu vya kifalme ndivyo vibaya zaidi kwa kusudi hili, kwa kuwa vimesafiri mno. Jiwe la ushindi la Naram-Sin lilisimama Sippar, likachukuliwa na Shutruk-Nahhunte wa Elamu katika karne ya 12 KK, likafukuliwa Susa mwaka 1898. Kichwa cha shaba cha mfalme wa Akadi, kile kilichoharibiwa jicho, kilipatikana Ninawi mwaka 1931.

Vinavyotakiwa ni vitu visivyovutia wezi. Katika vibao vya hesabu vya Girsu, mji wa kusini, zimo kumbukumbu nyingi za bidhaa na watu waliopelekwa Akadi. Hizo ni za upande wa mpelekaji. Upande wa mpokeaji haujawahi kuonekana, na kilima kitakachotoa chumba cha vibao vinavyopokea kutoka Girsu, Umma, Nippur na Susa kwa pamoja kitakuwa kimejitaja chenyewe. Lakini vibao hivyo vitakuwa chini kabisa, pengine chini ya usawa wa maji ya ardhini. Kwa hiyo nadhani uthibitisho wa kwanza utatoka juu, katika tabaka la karne ya 6 KK. Nabonido, baada ya kuupata msingi, alilijenga upya hekalu la Ishtar, na kwa desturi ya wafalme wa Babeli maandishi ya ujenzi yaliwekwa ndani ya msingi wenyewe ili mfalme atakayekuja ayasome. Atakayeyakuta yakiwa mahali pake, ndani ya ukuta wa Eulmash, hatahitaji kuulizwa swali jingine.